Muulize Bibi Nakshi: Popo wa heri, twiga wa mfalme na kobe wa harusi

Toleo lililopita niliwaomba mniletee maswali kuhusu wanyama wanaochorwa, kuchongwa na kutariziwa kwenye vitu vya China na Japani. Barua zimekuja kwa wingi, na nyingi zinauliza jambo moja: mnyama huyu ni wa heri au wa shari? Kazi yangu tangu ujana ni kuunga vyombo vya kauri vilivyovunjika na kuviandikia maelezo kwa ajili ya makumbusho. Mbele ya chombo chochote mimi huanza na swali jingine: kilitengenezwa kwa ajili ya nani, na aliyekitoa alimtakia nini mpokeaji? Mnyama wa kwenye sahani ya Kichina mara nyingi ni dua. Nimechagua barua saba.

Shikamoo Bibi. Marehemu shangazi aliniachia bakuli la kauri. Kwa nje limezungukwa na popo watano wekundu, na katikati yao kuna alama ya duara yenye mistari mingi. Chini ya kitako kuna herufi sita za Kichina za buluu. Mama mkwe hataki hata kuliona. Anasema popo ni kiumbe cha giza, niliondoe nyumbani. Nifanyeje? — Mrithi wa bakuli

Marahaba, mwanangu. Usilitupe. Mkalishe mama mkwe, mwonyeshe popo mmoja mmoja kwa kidole, na umweleze kwamba shangazi yako amekuachia dua iliyokamilika.

Kwa Kichina popo huitwa fu. Heri nayo huitwa fu. Herufi ni mbali mbali, ila sikio halisikii tofauti. Basi fundi aliyetaka kuandika "heri" alichora popo, na kila aliyekiona chombo aliisoma heri hiyo bila kuhitaji kujua kusoma. Ndiyo maana popo wa Kichina hatishi: mabawa yake yamejikunja kama mawingu na mwili wake unakaribia kuwa kipepeo. Wako watano kwa sababu Shujing, kitabu cha kale sana cha Wachina, kinataja heri tano: umri mrefu, mali, afya na utulivu, kupenda wema, na kufa kwa amani baada ya siku kutimia. Hiyo ya tano hunigusa kila ninapokutana nayo. Ni watu wachache wanaothubutu kumtakia mwenzao kifo chema juu ya bakuli la chakula, na Wachina walithubutu. Ile alama ya duara ni shou, neno la maisha marefu, limepindwa likawa pambo.

Wekundu wao nao unasema kitu. Neno la "nyekundu" linatamkwa sawa na neno la "kubwa mno", kwa hiyo popo mwekundu ni heri kubwa mno. Na ukikutana siku moja na popo aliyechorwa kichwa chini, usidhani fundi alikosea: "kupinduka" na "kufika" yanasikika sawa, na popo huyo anatangaza kwamba heri imeshafika.

Chini ya nasaba ya Qing, iliyotawala kuanzia 1644 hadi 1912, popo walienea kila mahali. Waliruka katikati ya mawingu kwenye majoho ya wafalme. Katika makao ya Mwanamfalme Gong mjini Beijing wamechongwa na kuchorwa darini na kutani, na bustani yake ina bwawa lililochimbwa kwa umbo la popo. Na kuna chombo kimoja ninachopenda kukieleza kwa kila mwenye shaka. Ni chupa ya kauri ya enzi ya mfalme Yongzheng (1723–1735), yenye matunda ya pichi na popo wakiruka kati ya matawi. Pichi ni umri mrefu, popo ni heri. Chupa hiyo iliishia katika nyumba moja Marekani ikitumika kama kitako cha taa ya mezani. Mwaka 2002 ilipigwa mnada Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 41 za huko, na aliyeinunua akaitoa kwa Makumbusho ya Shanghai. Hata hivyo usianze kupanga bei ya bakuli lako.

Nasema hivyo kwa sababu ya zile herufi sita. Kwa kawaida zinataja nasaba na mfalme, na watu huzichukua kama cheti cha kuzaliwa. Sivyo. Mafundi wa enzi ya Kangxi, mfalme wa Qing, waliandika jina la Chenghua, mfalme wa Ming aliyetawala takriban miaka mia mbili kabla yao, kwa kuiheshimu kazi ya zamani. Wa karne ya 19 wakaandika jina la Kangxi. Waghushi wakaandika lolote. Umri wa kauri husomwa kwenye udongo wa kitako, kwenye uzito, kwenye mkono wa mchoraji. Mtafute mtu wa kulishika na kuligeuza, si wa kutazama picha tu.

Wakati huo huo, lioshe kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini. Usilitie ndimu, siki wala achari. Rangi nyekundu zilizopakwa juu ya mng'ao huliwa na asidi, na rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, kwa hiyo mtu asilie chakula ndani yake.

Bibi, mwalimu wetu wa historia alisema mfalme wa China alipelekewa twiga kutoka Malindi, akapokewa kama mnyama wa mbinguni. Ni kweli? Na kama walimwona twiga kwa macho yao, mbona kwenye vyombo vyao sijamwona hata mmoja? — Mwanafunzi wa historia

Ni kweli, mjukuu wangu, na swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza.

Wachina walikuwa na mnyama wa tangu kale aitwaye qilin. Vitabu vinamweleza kuwa na mwili wa paa, mkia wa ng'ombe, kwato, na pembe. Ni mpole kiasi kwamba akitembea hakanyagi jani lililo hai wala mdudu. Hatokei ovyo. Hujitokeza pale mtawala anapotawala kwa haki, au mwenye hekima anapozaliwa au kukaribia kufa, na masimulizi yanamhusisha na Confucius, mwanafalsafa mkuu wa kale wa China, mwanzo na mwisho wa maisha yake.

Sasa mtazame mfalme Yongle wa nasaba ya Ming. Mwaka 1402 alikuwa amemnyang'anya mpwa wake kiti kwa vita. Mtawala aliyeingia kwa njia hiyo anahitaji sana ishara ya mbinguni. Katika miaka ambayo merikebu za Zheng He, amiri wa bahari wa mfalme huyo, zilikuwa zikivuka bahari ya Hindi, mtawala wa Bengal alimpelekea twiga mwaka 1414, na mwaka 1415 akaja mwingine kutoka Malindi. Hebu mfikirie mnyama huyo kwa maneno ya vile vitabu: mwili kama wa paa, kwato zilizopasuka, mkia wenye kishungi kama wa ng'ombe, pembe fupi zilizofunikwa ngozi, mpole, asiyekula nyama. Watu wa ikulu walisema qilin amefika. Shen Du, mwandishi hodari wa hati wa ikulu, alitunga utenzi wa sifa ukaandikwa juu ya picha ya twiga akiongozwa kwa kamba. Nakala ya picha hiyo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Ikulu, Taipei. Ukiitazama vizuri utaona madoa ya ngozi yamepangwa kama wavu, yakikaribia kuwa magamba. Jicho la mchoraji lilimwona twiga, ila mkono wake ulikuwa unamfahamu qilin.

Na hapo ndipo penye jibu lako. Mnyama halisi alisimama uwanjani pa mfalme, akalishwa, akachorwa, na qilin wa kwenye vyombo hakubadilika hata shingo. Aliendelea na kichwa cha joka, magamba, kwato, na ndimi za moto mabegani. Mafundi wa kauri na wa tarizi hawakuwa wakitafuta umbo la mnyama wa porini. Walikuwa na maana ambayo tayari ilikuwa na sura yake, na kumpa shingo ndefu kungewachanganya wasomaji. Mimi naliona hili kuwa jambo zito kuliko mambo yote ninayoweza kuwaambieni kuhusu sanaa hii. Anayetafuta ndani yake elimu ya wanyama ataondoka mikono mitupu.

Qilin akashuka pia kutoka ikulu hadi majumbani. Watoto wa Kichina walivishwa shingoni kufuli la fedha lenye kijana aliyempanda qilin, kwa sababu inasemekana ndiye anayeleta watoto wenye akili. Japani anaitwa kirin. Mafundi wao wa shaba walimfanyia sanamu yenye mabawa kwenye daraja la Nihonbashi, Tokyo, lililojengwa 1911. Na Mjapani wa leo akimwona twiga kwenye bustani ya wanyama humwita kirin. Yule wa Malindi amebaki ndani ya jina.

Nina sahani mbili zenye joka. Moja ana kucha nne kila mguu, mwingine tatu. Rafiki yangu anasema joka halisi lazima awe na tano, kwa hiyo zangu ni bandia. — Msomaji wa siku nyingi

Rafiki yako ameshika nusu ya habari. Joka wa kucha tano alikuwa wa mfalme na jamaa zake wa karibu. Tangu nasaba ya Yuan, iliyotangulia Ming, kulikuwa na amri za kuwazuia watu wa kawaida kumvaa. Wa kucha nne aliruhusiwa kwa wakubwa wengine, na vyombo vingi vya biashara vina kucha nne au tatu. Mafundi wa Japani nao walimpa tatu kwa kawaida. Hesabu ya kucha, basi, inakueleza mtumiaji. Uhalali wa chombo hutafutwa kwingine.

Sheria hii haikuwa ya mdomoni tu. Makumbusho ya Victoria and Albert mjini London yana meza ya laka nyekundu (utomvu wa mti unaogandishwa ukawa mgumu) iliyochongwa katika karakana ya ikulu, Beijing, kati ya 1425 na 1436. Imejaa majoka, na majoka kadhaa yamekwanguliwa ukucha wa tano kwa chombo chenye ncha, mguu baada ya mguu. Meza ilipotoka mikononi mwa mfalme, joka alipunguzwa cheo pamoja nayo.

Na usimchukulie joka huyu kama yule wa hadithi za Ulaya anayelinda dhahabu na kuuawa na shujaa. Wa China huleta mvua, huishi majini na mawinguni, na mkulima humshukuru.

Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi cherehani. Mteja ameniletea kitambaa cha mraba cha hariri cha Kichina, chenye ndege mweupe mwenye utosi mwekundu aliyesimama kwa mguu mmoja juu ya mwamba. Chini kuna mawimbi, kona ya juu kuna jua. Anataka nikishone kwenye foronya ya mto wa kochi. Kimechakaa na kina vumbi. Nikifue kwanza? — Fundi wa foronya

Marahaba. Fundi, weka mkasi chini, na beseni la maji lisogeze mbali.

Ulichokishika ni beji ya cheo. Mwaka 1391 nasaba ya Ming iliagiza maofisa wa serikali wavae kifuani na mgongoni miraba iliyotariziwa mnyama wa daraja yake, na Qing wakauendeleza utaratibu huo kwa kanuni zao. Maofisa wa kiraia walipewa ndege, wa jeshi wakapewa wanyama wakali. Chini ya Qing korongo alikuwa wa daraja la kwanza la kiraia, tausi la tatu, bata bukini wa mwitu la nne, yangeyange la sita, bata mandarini la saba, kware la nane. Upande wa jeshi qilin alikaa kileleni, akifuatwa na simba, kisha chui. Mtu mmoja akiingia barazani, kabla hajafungua mdomo kila aliyeketi alishajua amwinamie kiasi gani.

Huyo wako, kwa utosi wake mwekundu, ni korongo. Mchunguze vizuri, maana ndege weupe walikuwa zaidi ya mmoja. Yangeyange hana wekundu kichwani. Fezanti wa fedha, wa daraja la tano, ni mweupe pia lakini ana manyoya marefu ya mkia yenye kingo za mawimbi. Kutoka daraja la sita hadi la kwanza ni maisha mazima ya mitihani na utumishi, na tofauti yote imo katika mshono wa kichwa kimoja.

Angalia kama mraba una mshono unaoshuka katikati. Koti la Qing lilifunguka mbele, kwa hiyo beji ya kifuani ilikuwa nusu mbili, na ya mgongoni ilikuwa nzima. Kisha angalia ndege anaelekea wapi. Daima humwelekea jua, na jua ni mfalme. Mke wa ofisa alivaa ndege wa daraja la mumewe, ila aliyetariziwa akitazama upande wa pili, ili wawili hao wakiketi pamoja siku ya sherehe ndege wao watazamane. Mimi nimeshika jozi kama hiyo mezani kwangu, na nilikaa nayo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Ufalme ulipoanguka mwanzoni mwa 1912, beji hizi hazikuwa na kazi tena. Nyingi zilikatwa zikawa mikoba, vitambaa vya meza na foronya, kwa hiyo mteja wako hakubuni jambo jipya. Lakini mwambie ukweli, kisha mwache achague. Uzi wa dhahabu hapo ni karatasi nyembamba iliyopakwa dhahabu na kuviringishwa juu ya uzi wa hariri. Ukiiloweka, karatasi inalainika na dhahabu inaondoka. Pasi nayo itaibana na kuiunguza. Vumbi liondoe kwa brashi laini ukiwa umeweka chandarua juu yake, bila kusugua. Akikubali, kishonee juu ya kitambaa cha pamba kwa mishono mikubwa inayofumuka kwa urahisi, kiwekwe kwenye fremu isiyopigwa na jua. Kochi litakimaliza.

Wale nyani watatu wa Kijapani waliojiziba macho, masikio na mdomo, si wanafundisha uoga? Yaani uone ubaya ukae kimya? — Mwenye hasira

Hasira yako naielewa, kwa kuwa sanamu hizo leo zimetengwa na mahali pake. Zirudishe Nikkō, mji wa Japani. Huko kuna hekalu la Tōshō-gū, alikozikwa Tokugawa Ieyasu, mtawala wa kijeshi aliyeanzisha utawala wa Tokugawa, na majengo mengi tunayoyaona leo yalijengwa upya mwaka 1636 kwa amri ya mjukuu wake. Hao watatu wamechongwa juu ya zizi la farasi mtakatifu, maana watu waliamini nyani huwakinga farasi na maradhi.

Lakini hawako peke yao. Zizi hilo lina mbao nane za nyani zinazosimulia maisha ya mtu tangu utotoni. Katika ubao wa kwanza mama amejikinga macho kwa mkono, anatazama mbali, kule aliko kesho ya mwanawe, na mtoto anamtazama yeye usoni. Ubao wa pili ndio watatu wako. Hao ni watoto: wasione, wasisikie, wasiseme maovu wakiwa bado wachanga. Mbele yao kuna kijana anayejiandaa kusimama mwenyewe, anayeyatazama mawingu kwa matumaini, anayeanguka na kufarijiwa na mwenzake, anayependa, anayekumbana na mawimbi, na mwisho nyani mwenye mimba, ili hadithi ianze tena. Aliyekata ubao mmoja kutoka katika zile mbao nane akauuza kama mapambo ya meza ndiye aliyewafanya waonekane waoga. Kwa Kijapani usemi wao una mchezo wa maneno pia, kwa kuwa kiambishi cha kukanusha kinasikika kama jina la nyani.

Ukifika huko, usipite bila kumtafuta paka aliyelala kwenye lango la njia ya kwenda kaburini. Nyuma ya ubao wake wamechongwa shomoro wanaocheza. Paka amelala na ndege hawana hofu: vita vimekwisha.

Niliona picha ya nyoka wa chuma wa Kijapani anayekunjika kila kiungo. Aliyemtengeneza alikuwa na sababu gani? — Fundi vyuma

Sababu ya kwanza ni kukosa kazi, ndugu yangu. Ukoo wa Myōchin walikuwa wahunzi wa deraya za samurai. Amani ndefu ya utawala wa Tokugawa ilipunguza mahitaji ya deraya, nao wakaichukua elimu ya kuunganisha vipande vya chuma viteleze juu ya mwili wa mtu na kuihamishia kwa nyoka, kamba, kaa, samaki na ndege. Makumbusho ya Taifa ya Tokyo yana joka la chuma la Myōchin Muneaki, la mwaka 1713. Anapinda shingo, anafumba kucha. Mwaka 1876 serikali ilipokataza watu kubeba panga hadharani, mafundi wa mikono ya panga nao walihamia kwenye vyombo vya maua na sanamu za kuuzwa ng'ambo, na kazi hizi zikashamiri.

Katika viumbe wote wa deraya nampenda kereng'ende. Wajapani walimwita mdudu wa ushindi, kwa kuwa huruka kwenda mbele harudi nyuma. Wapiganaji walimtia kwenye helmeti na kwenye kinga ya upanga.

Dada, wenzangu wawili kazini wanaoana, bwana ni Mchina na bibi ni Mjapani. Nimeona kobe wawili wa kauri wazuri sana. Niwanunulie? — Mfanyakazi mwenzao

Kobe usimnunue, ndugu yangu, na si kwa kosa lake. Hapo kale nchi zote mbili zilimheshimu. Wachina wa nasaba ya kale ya Shang walitabiri kwa magamba yake, na mawe makubwa ya maandishi ya Wachina wa baadaye yamewekwa juu ya migongo ya kobe wa mawe. Pamoja na nyoka alilinda upande wa kaskazini. Japani heshima hiyo imedumu: wanasema korongo huishi miaka elfu na kobe miaka elfu kumi, na kwenye vitu vya harusi utamkuta kasa mzee aliyeota mwani mgongoni ukiburuzika nyuma yake kama mkia. Bibi harusi atafurahi. Lakini kwa Kichina cha karne za baadaye jina la kobe limegeuka tusi, tena tusi linalomhusu mume ambaye mkewe hakutulia. Kumkabidhi bwana harusi kobe mbele ya wazee wake ni jambo la kuwaharibia siku.

Bundi muache pia. Japani ya leo anapendwa kama mleta bahati. China ameogopwa kwa muda mrefu sana, ingawa kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme wa Shang, lililofukuliwa Anyang mwaka 1976, lilitoa vyombo vizuri vya shaba vya umbo lake, vya miaka zaidi ya elfu tatu iliyopita. Maana huchakaa na kugeuka, hata ndani ya nchi moja.

Wanunulie bata mandarini. Pande zote mbili ni ndege wa ndoa, na hakuna atakayekunja uso. Dume ana rangi nyingi na mabawa yaliyosimama kama matanga, jike ni wa kahawia na kijivu, na wote wawili lazima wawepo. Watengenezaji wa bei rahisi siku hizi hutoa madume mawili kwa sababu ndiyo yenye rangi, na jozi hiyo haisemi kitu. Muuzaji akikuambia jike amekwisha, subiri mzigo mwingine.